Mambo niliyojifunza kuhusu ubatizo tangu niwe mzee wa kanisa

Nilipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa walinipa kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wameikwepa, kuwatembelea wazazi wanaotaka watoto wao wabatizwe. Kwa wasiojua, kwetu Wapresbiteri, yani Waprotestanti tunaoongozwa na vikao vya wazee, mchungaji habatizi kimyakimya eti kwa sababu rafiki yake kamuomba. Ombi linafika kwanza kwenye kikao cha wazee, wazee wanaangalia kama angalau mzazi mmoja ni muumini anayekiri imani, halafu mzee mmoja au wawili wanaenda nyumbani kukaa nao, kuwasikiliza na kuwaeleza maswali watakayoulizwa mbele ya watu, ndo kikao kinakubali na Jumapili inapangwa. Mi nikadhani ni kazi ya kujaza fomu. Sa hivi nimeshakaa kwenye sebule nyingi na niseme tu hakuna kitu kimenifundisha theolojia kama hizo sebule, maana darasani unaulizwa na mwalimu ambaye jibu analo, sebuleni unaulizwa na bibi mwenye mjukuu mgonjwa na yeye anataka jibu leo.

Swali linalokuja kuliko yote, na mara nyingi haliulizwi na mzazi bali na shemeji aliyekaa pembeni ambaye anasali kwenye kanisa la maji mengi, wale wanaobatiza watu wazima tu kwa kuwazamisha, ni hili: mtoto haelewi chochote, hajaamini, hajatubu, sasa mnambatiza nini? Ni swali zuri na wala sikasiriki nikiulizwa. Huwa namrudisha Mwanzo 17. Ibrahimu aliamini kwanza akiwa mtu mzima ndipo akatahiriwa, sawa kabisa na mtu mzima anayeokoka leo akabatizwa. Lakini Isaka alitahiriwa akiwa na siku 8, kabla hajaamini kitu chochote, na Paulo kwenye Warumi 4 anaiita tohara hiyo hiyo, aliyopewa Ibrahimu, muhuri wa haki ya imani. Yani alama ya imani aliwekewa mtoto ambaye imani yake bado haijaonekana, na aliyeagiza ni Mungu mwenyewe wala sio kamati. Halafu siku ya Pentekoste Petro anasimama mbele ya Wayahudi waliokulia kwenye desturi hiyo anawaambia ahadi hii ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu. Angekuwa na nia ya kuwatoa watoto nje ya agano, yani ile ahadi Mungu aliyofunga na Ibrahimu na uzao wake, siku ile ile basi hayo maneno aliyachagua vibaya sana.

Kwaiyo hoja yetu inakaa kwenye agano, haikai kwenye mstari mmoja unaosema batizeni vichanga, mstari huo haupo na mi huwa sijifanyi upo. Kuna nyumba zilizobatizwa nzima nzima, ya Lidia na ya yule askari wa gereza kwenye Matendo 16, ya Stefana kwenye 1 Wakorintho 1, ila hakuna mahali pameandikwa kwamba ndani yake kulikuwa na mtoto ananyonya, na ukimwambia shemeji kwamba walikuwepo atakuuliza umewaona wapi, utanyamaza. Bora useme ukweli tu kwamba nyumba zilikuwa zinahesabiwa kama nyumba, baba au mama akiingia basi na waliomo wanaingia, na ukimya wa Agano Jipya mtu wa maji mengi anausoma upande wake na sisi tunausoma upande wetu. Mzozo wenyewe ni wa zamani. Kule Zurich mwaka 1525 kundi la watu waliokuwa wanafunzi wa Zwingli, mchungaji aliyeongoza matengenezo ya kanisa pale, waliachana naye kwa jambo hili hili wakaanza kubatizana wakiwa watu wazima, na Zwingli ndiye aliyeshika sana hii hoja ya agano na tohara kuwajibu. Mpaka hapo ni mjadala, ila mwaka 1527 serikali ya mji ikamzamisha mtoni mmoja wao, Felix Manz, hadi akafa. Nikikutana na ndugu wa maji mengi ananiongelea kwa ukali huwa nakumbuka hilo, upande wetu ndio uliokuwa na mkono wa dola, acha na yeye apandishe sauti kidogo. Na hata ndani ya nyumba yetu wenyewe Karl Barth, mwanatheolojia mkubwa wa kireformati (tapo la kina Zwingli na Calvin ambalo sisi Wapresbiteri tumo) pale Uswisi, mwaka 1943 alitoa mhadhara wa kupinga ubatizo wa watoto. Sikubaliani naye lakini nawaambiaga vijana kwamba anayeuliza swali hili sio mpotovu.

Mfano ninaoutumia nyumbani kwa watu ni wa wosia. Baba anaandika wosia, jina la mtoto mchanga linaingia, mtoto hajui kusoma, hajui hata kama ana jina, lakini ameshaandikwa. Akikua anaweza kuupokea urithi au akaukataa akaenda zake. Kuandikwa kwake hakukusubiri akili yake. Wazazi wengi wakisikia hivyo wanatulia, na hapo ndo huwa nawageuzia kibao kwamba sasa mwenye kumfundisha kusoma huo wosia ni nani?

Swala la maji kidogo na maji mengi mi sitaki kulipigia kelele sana. Ungamo la Imani la Westminster, maelezo ya imani tunayoyafuata Wapresbiteri, lile lililoandikwa na wachungaji waliokutana London na kukamilika 1646, kwenye sura ya 28 linasema kuzamishwa sio lazima, kumiminiwa au kunyunyiziwa ni ubatizo halali kabisa. Halisemi kuzamisha ni dhambi. Calvin, yule mwanamatengenezo wa Geneva, naye alishaandika kwamba kama mtu atazamishwa mzima au atanyunyiziwa, mara moja au mara tatu, hilo ni jambo dogo na makanisa yawe huru, na akakiri bila kuona aibu kwamba kanisa la kale lilikuwa linazamisha. Kwaiyo ukisikia Mpresbiteri anagombana na mtu kuhusu kina cha maji ujue hajasoma vitu vya kwao. Sisi tunanyunyizia kwa sababu Ezekieli 36 inaongea habari ya kunyunyiziwa maji safi na kupewa moyo mpya, na damu ya agano ilinyunyizwa, na Roho anamiminwa, lakini mtu aliyezamishwa kanisa lingine akija kwetu hatumuulizi maji yalimfika wapi.

Sasa niende kwenye ibada yenyewe maana huko ndo kuna kitu nilikuja kukiona baadaye sana.

Kwetu ubatizo unakuja baada ya Neno kuhubiriwa, mara nyingi. Familia inaitwa mbele, mzee aliyewatembelea anasimama nao na kutaja jina kwamba kikao kimekubali. Mchungaji anasoma maneno ya Yesu kwenye Mathayo 28, anaeleza kwa kifupi ubatizo ni nini, halafu anawauliza wazazi: mnamkiri Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wenu, mnaahidi kumlea mtoto huyu katika kumcha Bwana, kumwombea, kumfundisha, kumleta kwenye ushirika wa kanisa. Wanajibu. Tunakiri Imani ya Mitume wote pamoja. Kisha anamgeukia nani? Anatugeukia sisi tuliokaa kwenye benchi, anatuambia tusimame, anatuuliza kama tunaahidi kuwasaidia wazazi hawa kumlea mtoto huyu ili siku moja akiri imani mwenyewe. Tunajibu tunaahidi, kwa sauti kubwa sana, tunakaa. Baada ya hapo ndo maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, maombi, baraka, na mchungaji wetu ana desturi ya kumchukua mtoto mikononi na kutembea naye katikati ya watu ili kila mtu amwone uso. Hakuna mshumaa, hakuna mafuta, hakuna chumvi. Ule mwongozo wa ibada wa Westminster wa 1645 ulisema mtoto abatizwe bila kuongeza sherehe nyingine, na mi binafsi napenda hivyo, maji na neno basi.

Baba na mama wa ubatizo pia kwetu hawana kazi kama waliyonayo kwa Wakatoliki. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia ameshampata baba wa ubatizo mwenye uwezo na ameshakubali, nikamwambia hatukatai rafiki yako kusimama na nyie ila wanaoapa ni nyie wazazi, na baba wa ubatizo wa mtoto huyu ni kanisa zima. Akacheka. Akasema kanisa zima halinunui sare za shule. Nikakosa jibu, kwa sababu alikuwa ananiambia ukweli bila kujua.

Hapo ndo nilipoanza kukiangalia kile kiapo cha kwenye benchi. Siku moja baada ya ibada nikawauliza watu kadhaa mlangoni, nyie leo mmeahidi nini? Wengine wakasema tumeahidi kumwombea mtoto. Wengine hawakukumbuka kama waliahidi chochote. Mama mmoja mtu mzima ndiye pekee aliyenijibu vizuri, akasema mzee tumeahidi kwamba huyu mtoto akiacha kuja kanisani tutauliza yuko wapi. Mi naona huyu mama kasema kwa sentensi moja kitu ambacho vitabu vinakizunguka kurasa na kurasa. Nikarudi kwenye rejista ya ubatizo, tuna rejista nzuri kweli, majina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, wazazi, mchungaji, vyote vimejazwa kwa mwandiko safi, nikaanza kutafuta wale watoto wako wapi. Wengi sikuwaona. Sio kwamba wamekufa, wapo, wamehama, wazazi wameachana, wengine wako mtaa huo huo tu na hakuna mtu wa ushirika aliyewahi kugonga mlango wao tangu ile siku ya maji. Na sisi wote tulisimama tukaapa, na Mungu alikuwepo anasikia.

Tunapenda sana kuwalaumu wazazi kwamba wanabatiza kwa ajili ya picha. Kweli wapo. Wanakuja na mpiga picha, na kamera mbili, na ndugu waliojaa benchi tatu ambao hutawaona tena mpaka mtoto wa pili. Lakini ukiangalia kwa haki, wazazi angalau wanamlisha na kumvisha yule mtoto, ahadi yao nusu yake wanaitimiza hata kama hawajui. Sisi wa kwenye benchi ndo tunaoapa na kwenda kula. Nikalileta hili kwenye kikao na majadiliano yakawa marefu kweli, mwenzangu mmoja akasema wewe unataka kuongezea watu mzigo, nikamwambia mzigo walishaubeba wenyewe kwa mdomo wao mi nawakumbusha tu. Tulichokubaliana ni kidogo: kila mtoto anayebatizwa anapewa mzee wa kumfuatilia, jina linaandikwa pembeni ya jina lake kwenye rejista, na mzee akifa au akihama anawekwa mwingine. Na mwalimu wa sandei skuli anapewa nakala. Haifanyi kazi vizuri kila mahali, wazee wengine wanasahau, lakini angalau sasa ukiuliza huyu mtoto ni wa nani kuna mtu anashtuka.

Kutokana na hilo hilo ndo nikaelewa kwanini Wapresbiteri wagumu sana kubatiza faraghani. Zamani nilidhani ni ukaidi tu. Bibi mmoja alinipigia simu usiku, mjukuu kalazwa, hali mbaya, anataka mchungaji aje sasa hivi na kama mchungaji hapatikani basi mimi mzee nije nimbatize, au hata nesi ambatize. Kwetu anayebatiza ni mchungaji aliyewekwa wakfu, mzee hana ruhusa hiyo wala nesi. Calvin alipinga kabisa ule ubatizo wa dharura wa wakunga uliokuwepo zamani, sio kwa kuwadharau wakunga, ila kwa sababu ulijengwa kwenye hofu kwamba mtoto akifa bila maji kapotea. Na huko Uskoti mfalme James alipolazimisha kanisa mwaka 1618 likubali zile kanuni tano za Perth, moja ya hizo tano ilikuwa ni kuruhusu ubatizo wa faragha, na watu walizipinga kwa miaka mpaka mkutano mkuu wa Glasgow wa 1638 ukazitupa. Unaona, kwetu ni jambo la kanisa, kama benchi hazipo basi wa kuapa hayupo.

Lakini historia yote hiyo huwezi kumwambia bibi saa nane usiku. Mchungaji alienda, nikaenda naye, na hakubeba maji. Alikaa na yule bibi kwenye korido akamuuliza unaogopa nini hasa. Bibi akasema naogopa Mungu hatamjua. Basi mchungaji akamfungulia Ungamo, lile lile la Westminster sura ya 28, kwamba kuudharau ubatizo ni dhambi kubwa ila neema na wokovu havijafungwa kwenye maji kiasi kwamba asiyebatizwa hawezi kuokolewa. Akamwambia bibi hukuudharau, ulikuwa njiani unauleta. Halafu akamsomea habari za mtoto wa Daudi kwenye 2 Samweli 12, alikufa siku ya saba, na wapo wanaohesabu kwamba alikufa hajafikia siku ya nane ya tohara, na bado Daudi akaoga akala akasema mimi nitakwenda kwake. Wakaomba. Mchungaji akaweka mkono kwenye kichwa cha mtoto akamwombea kwa jina lake.

Najua wachungaji wengine wa kwetu wangebatiza pale pale, na siku hizi miongozo mingi ya Presbiteri inaruhusu kwenye mazingira maalumu kama hospitali, ilimradi awepo mzee mmoja kuliwakilisha kanisa na kikao kiarifiwe. Sina ugomvi nao. Ningekuwa mimi ndiye mchungaji labda ningebatiza, yule bibi alikuwa anatetemeka. Ila nilichojifunza pale ni kwamba kama hofu ndiyo inayobatiza basi hata maji yakimwagwa hofu inabaki, kesho yake bibi angeuliza kama maneno yalisemwa sawasawa. Mtoto alipona na alikuja kubatizwa mbele ya kanisa, lakini nimekaa pia na wazazi ambao wao hawakupata hiyo nafasi ya pili, na maneno niliyonayo kwao ni yale yale, sijaongeza wala kupunguza. Na kule nimejifunza kunyamaza zaidi kuliko kuongea.

Kuna kundi lingine ambalo linanichosha kidogo, wacha niseme tu. Ni watu wazima wanaotaka kubatizwa tena. Kijana alibatizwa kwetu akiwa mchanga, akaenda akapotea huko, akakutana na mkutano wa injili akaokoka kwelikweli, machozi na kila kitu, anarudi anataka abatizwe upya kwa sababu ule wa kwanza anasema hakuuhisi. Sisi hatubatizi mara ya pili. Ungamo linasema mtu abatizwe mara moja tu, na kuna sentensi kwenye sura hiyo hiyo naipenda kuliko zote kwamba nguvu ya ubatizo haijafungwa kwenye dakika ile maji yanapomwagwa. Yani kijana wangu, Mungu aliahidi ukiwa unalia kwenye blanketi na ametimiza leo ukiwa na ndevu, sasa unataka arudie ahadi au unataka ushukuru? Kumwambia arudie ni kama kusema mara ya kwanza hakumaanisha. Wengine wanaelewa. Wengine wanaondoka wanaenda kuzamishwa kwa jirani, na nimeacha kuwafuata na mistari, naendelea tu kuwapigia simu.

Wasiwasi wa namna hiyo unakuja pia kwa wanaotoka Katoliki. Je wabatizwe upya? Mi nilifikiri jibu ni moja duniani kote kumbe wenzetu waligombana. Mwaka 1845 mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani, ule upande wa Shule ya Zamani, yani wa wenye msimamo wa kale baada ya kanisa lao kugawanyika, ulipiga kura kwamba ubatizo wa Katoliki sio ubatizo, kura 169 kwa 8, na mwanatheolojia wao mkubwa kuliko wote, Charles Hodge wa Princeton, akawapinga kwa maandishi akasema mmekosea. Mi niko na Hodge. Calvin mwenyewe alibatizwa Katoliki akiwa mtoto, na Luther wa Ujerumani, na Knox wa Uskoti, na wote hao walikufa na ubatizo ule ule, hakuna aliyetafuta mwingine. Ubatizo ni wa Kristo, sio wa aliyeshika bakuli. Kwaiyo anayetoka huko kama alibatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu tunampokea kwa kukiri imani yake, basi.

Jina nalo. Wazazi wengi wanafikiri wamekuja kumpa mtoto jina, na mchungaji akiuliza mtoto huyu anaitwa nani kila mtu anatega sikio kusikia kama watataja la bibi wa upande gani. Mi nacheka kwa sababu nakumbuka kisa cha Geneva mwaka 1546, kinyozi mmoja alipeleka mtoto abatizwe akitaka aitwe Claude, mchungaji akaona hilo ni jina la mtakatifu ambaye watu wa huko walikuwa wanamwabudu, akambatiza Abraham bila hata kumuuliza baba! Baba akamnyakua mtoto, kukawa na vurugu kanisani. Kwaiyo mkiona mchungaji wenu anauliza jina mara mbili mbili kabla ya ibada mvumilieni, historia imemfunza.

Mtu mzima ambaye hajawahi kubatizwa yeye kwetu njia yake ni fupi. Anafundishwa, anakutana na kikao cha wazee, anaulizwa imani yake, anakiri mbele ya kanisa na kubatizwa siku hiyo hiyo, anakuwa mshirika kamili. Na kusema ukweli hizo Jumapili ndo zinazoamsha kanisa kuliko zote. Baba mmoja mwenye mvi alipiga magoti mbele, na mjukuu wake alikuwa amebatizwa kabla yake, maji yakatiririka mpaka kwenye kola ya shati na hakuyafuta. Wale waliokuwa wanasema sisi hatujui ubatizo wa waumini walikuwepo, wakaona kwamba tunabatiza wanaoamini na tunabatiza na watoto wao pia, hatujachagua kimoja.

Katekisimu Kubwa ya Westminster, kitabu cha mafundisho ya maswali na majibu, ina swali la 167, linauliza tunapaswa kuutumiaje ubatizo wetu, na jibu lake ni refu sana ila linachosema ni kwamba hiyo ni kazi ya maisha yote, hasa wakati wa majaribu, na hasa tunapokuwepo mtu mwingine akibatizwa. Hii sikuijua kabisa nikiwa nimekaa kanisani miaka yote hiyo. Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani ni siku yangu pia ya kukumbuka kwamba na mimi nina maji juu yangu. Sikumbuki nilivyobatizwa, nilikuwa mchanga, cheti kiliniambia. Kuna kipindi nilipita pabaya sana ambapo hata kuomba nilikuwa siwezi, imani yangu ukiipima ilikuwa haijai kijiko, na kitu pekee nilichokuwa nakishika ni kwamba kuna jambo nilifanyiwa kabla sijawa na akili ya kulifanya vizuri au kuliharibu. Wenzangu wa maji mengi wanaposimulia siku yao mi nafurahi nao kabisa ila nakuwa najua kwamba mimi yangu inanibeba kwa sababu hiyo hiyo wanayoilaumu, kwamba sikuwa na mchango wowote.

Lililobaki na ambalo hatujalimaliza ni meza ya Bwana. Kama mtoto ameshabatizwa na tumesema yumo kwenye agano, kwanini akinyoosha mkono kwenye mkate tunamwambia subiri mpaka ukiri imani? Desturi ya zamani ya kwetu ni asubiri, hoja ikiwa ni 1 Wakorintho 11, mtu ajihoji mwenyewe ndipo ale. Baadhi ya makanisa ya Presbiteri duniani yameshafungua meza kwa watoto waliobatizwa, mengine hayataki kusikia. Binti mmoja wa sandei skuli alimuuliza mama yake kwa sauti, siku ya ushirika, kanisa zima likiwa kimya, mimi si nimebatizwa? Mama yake akamwambia shhh. Swali likapelekwa kwenye kikao. Mchungaji anataka tufungue, wazee wawili wakongwe hawataki kabisa, wengine wanaangalia upepo, na mimi niliyesimama na huyu binti siku anabatizwa nimeambiwa niandae maelezo ya pande zote mbili kwa kikao kijacho na mpaka naandika hapa upande wa kusubiri nimeujaza kurasa mbili, upande wa binti una ile sentensi yake tu na sijapata cha kuipinga.